Mgonjwa anasema Kiswahili, fishi inaandika Kifaransa

Kuna neno moja ambalo hospitalini limekuwa kapu la kutupia kila kisichoeleweka, nalo ni "utamaduni". Mama akichelewa kuja kujifungua, ni utamaduni. Mzee akikataa kupasuliwa, ni utamaduni. Kijana akija na kidonda kilichooza kwa sababu alianzia kwa mfumu, ni utamaduni tena. Nimelisikia neno hilo redioni, nimelisikia katika mikutano, na nimelisikia midomoni mwa wenzetu wa utabibu wanaporudi kutoka mazoezini wakiwa wamechoka. Ukisikiliza vizuri utaona kwamba utamaduni huo daima umekaa upande mmoja wa meza. Mgonjwa ndiye aliye nao. Munganga yeye ana elimu.

Mimi nasoma lugha za Kiafrika, wala sitajifanya najua kutibu hata mafua. Lakini kabla tiba haijaanza watu wawili huzungumza, na mazungumzo ni kazi yetu. Ninalotaka kusema ni kwamba hospitali nayo ina utamaduni wake: ina lugha yake, ina sheria zake za nani aseme na nani anyamaze, na zaidi ya yote ina karatasi yake. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita kikwazo cha utamaduni hutokea katika hatua fupi ambayo hakuna anayeichunguza, pale maneno yanapotoka mdomoni mwa mgonjwa kwa Kiswahili na kutua juu ya fishi kwa Kifaransa.

Tuifuate safari ya sentensi moja hapa Lubumbashi. Mama wa Katuba aliyekulia upande wa Kasenga huenda anayawaza maumivu yake kwa Kibemba. Anayasema kwa Kiswahili cha mji, kile ambacho Ferrari, Kalunga na Mulumbwa walikiandikia sarufi mwaka 2014. Munganga anayemsikiliza labda alizaliwa Mbujimayi, nyumbani anasema Ciluba, na Kiswahili alikiokota mtaani kama wengi wetu tulivyokiokota. Anaandika Kifaransa. Kwa dakika kumi, ugonjwa mmoja umepita katika lugha nne, na hakuna mkalimani aliyeitwa. Mahakamani akija mkalimani kila mtu anajua kwamba kuna tafsiri, na anajua wa kumlaumu ikikosewa. Hospitalini tafsiri inafanyika kimya, ndani ya kichwa cha mtu mmoja aliyeshika kalamu, kwa hiyo hata jina la kazi haina. Katiba yetu ya 2006 inataja lugha nne za taifa. Fishi haijui hata moja.

Je, hasara ni kubwa? Nichukue mfano ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kitivo chetu anaweza kuuchambua. Mwanamke anakuja akivuja damu. Anasema: "Mimba ilitoka." Angeweza kusema "nilitoa mimba", au kwa Kiswahili chetu cha hapa, "nilitosha mimba". Kitenzi ni kilekile katika mzizi wake, lakini katika sentensi ya kwanza mimba ndiyo kiima, imeondoka yenyewe, na mwanamke hayumo kabisa. Katika ya pili yeye ndiye mtendaji. Tofauti hiyo ndogo ya umbo inabeba tofauti kati ya msiba na kosa la jinai, kwa kuwa sheria yetu ya adhabu inalo neno la kusema juu ya utoaji mimba. Sasa tazama kalamu. Inaandika: avortement. Katika Kifaransa cha utabibu neno hilo linafunika yote mawili, na ili kutofautisha lazima uongeze kivumishi, spontané au provoqué, jambo ambalo mtu mwenye foleni mlangoni halifanyi kila mara. Kile ambacho mgonjwa alikipambanua kwa silabi, karatasi imekichanganya. Na karatasi ndiyo itakayosomwa na muuguzi wa usiku, halafu na mume akiipata mezani.

Nimewahi kuambiwa kwamba huu ni usahihi wa kupindukia wa wanaisimu. Basi nendeni sokoni. Muuzaji anayepita na mizizi yake katika chupa akipaza sauti "dawa ya mugongo!" hakuna mtu mzima katika mji huu anayedhani anazungumzia mifupa peke yake. Mugongo ni uti wa mgongo, ni kweli, lakini ni pia uvimbe wa sehemu ya haja kubwa, na ni pia nguvu za mwanaume zilizopungua. Ni neno la adabu. Mwanaume wa miaka hamsini aliyekaa mbele ya munganga msichana wa miaka ishirini na saba atasema "mugongo unaniuma" kisha atanyamaza, akingojea aulizwe. Amefanya sehemu yake: amefungua mlango kwa heshima, amempa mwenzake nafasi ya kuingia bila mtu kuaibika. Fishi inaandika lombalgie. Anapewa vidonge vya maumivu, anarudi nyumbani, na jioni ananunua chupa ya mizizi kwa yule aliyeelewa.

Hapo mtu atasema: huyo mzee si angesema wazi? Lakini kwetu kusema wazi kuna mahali pake na watu wake. Lugha zetu zina utaratibu mzima wa maneno ya kufunika, na utaratibu huo una sarufi kama ngeli zilivyo na sarufi. Anayeujua, anasikia kilichofunikwa. Tunaitaka hospitali iufahamu utaratibu huo kama inavyofahamu kwamba homa si ugonjwa bali ni alama ya ugonjwa.

Kuna jambo dogo zaidi, na kwa maoni yangu la hatari zaidi, kwa sababu halionekani hata kidogo. Ni neno "ndiyo". Muulize Mkongo wa huku kwetu: "Haukumeza dawa?" Mara nyingi atajibu "ndiyo", maana yake: ndiyo, ni kama unavyosema, sikumeza. Anakubaliana na sentensi yako nzima pamoja na ukanushi wake. Mfaransa, na mtu aliyefundishwa na Kifaransa kwa miaka kumi na nane, anangojea non kwa jibu hilo, na si kwa kinyume chake. Munganga anayeuliza kwa Kiswahili huku masikio yake yakipima majibu kwa Kifaransa anaweza kuandika kwamba dawa imemezwa, dozi haikutosha, tuongeze. Watu wote wawili wamesema ukweli. Wote wawili ni wenye akili timamu.

Halafu iko ile "ndiyo" ya heshima, ambayo kila mwenye mama anaijua. "Umeelewa, mama?" "Ndiyo, dokta." Swali la namna hii halina jibu jingine. Kusema "hapana" ni kumwambia mkubwa kwamba ameeleza vibaya, au kujiita mjinga mbele ya watu waliopanga mstari nyuma yako. Wauguzi wazee wanalijua hili bila kusomea isimu. Nilimsikia mmoja akimuuliza mgonjwa anayeondoka: "Sasa ukifika kwenu, utakunywa namna gani?" Mama akaanza kueleza, na katika maelezo ikaonekana kwamba vidonge vya siku saba alitaka kuvigawa na mtoto wake anayekohoa. Swali moja, lililoulizwa kwa adabu, limefanya kazi ambayo "umeelewa?" mia moja zisingeifanya. Sijui kama muuguzi huyo amewahi kuombwa awafundishe wengine.

Tuje kwa wale wanaokaa kando ya kitanda. John Janzen, katika kitabu chake cha 1978 juu ya Bakongo wa Bas-Zaïre, alionyesha kwamba mgonjwa mara nyingi si yeye anayeendesha safari yake ya tiba. Liko kundi la ndugu linalokaa, linapima, linaamua kama ni ugonjwa wa Mungu au ugonjwa wa watu, na linachagua mlango wa kubisha. Aliandika juu ya magharibi ya nchi, lakini mtu wa Katanga akisoma anaona ukoo wake mwenyewe. Hospitali inawajua ndugu hawa kwa kazi nyingine: wanapika, wanafua, wanakimbia kununua glavu na sindano, wanalala chini sakafuni. Inawahitaji usiku na mchana. Lakini inapofika saa ya kuzungumza, inawaona kama msongamano.

Mwaka uliopita nilimlinda mama yangu mdogo siku tisa katika hospitali moja ya mji huu. Asubuhi wakaja waganga na wanafunzi wao, wakazunguka kitanda, wakazungumza Kifaransa juu ya mwili wake kama watu wanaoegemea ukuta. Mwisho mkubwa wao akafunga karatasi akasema: c'est négatif. Mama mdogo aliishia darasa la sita. Anajua négatif ni kitu kibaya, kama mtu mwenye mawazo négatif anayekemewa kanisani kila Jumapili. Akageukia ukuta. Kando ya kitanda tulikuwa watu watatu. Baba mkubwa, mwenye haki ya kumuuliza munganga swali kwa niaba ya ukoo, hajui Kifaransa. Shangazi hawezi kusema mbele ya baba mkubwa. Na mimi, niliyeelewa kila neno, ni mdogo kuliko wote, na mdogo hamkati mkubwa kauli mbele ya wageni wenye makoti meupe. Mwenye lugha hakuwa na nafasi. Mwenye nafasi hakuwa na lugha. Wakaenda kitanda cha pili. Jioni, muuguzi mmoja katika ujia akamweleza baba mkubwa kwa Kiswahili kwamba kipimo hakikuona kitu kibaya, naye akaingia kumwambia mgonjwa, kama ilivyotakiwa. Mama mdogo alikuwa amelia tangu asubuhi, na chakula chake kilikuwa kimepoa.

Huu ndio utamaduni nao, ukipenda. Lakini tazama ni tamaduni ngapi. Uko wa ukoo wetu, unaopanga nani aseme kwanza. Uko wa hospitali, unaopanga vilevile: mkubwa anasema, mwanafunzi anaandika, muuguzi ananyamaza mpaka ajulizwe, mgonjwa haulizwi. Ukiziweka mpangilio hizi mbili kando kwa kando, zinafanana sana. Tofauti ni kwamba ya kwanza inaitwa mila na ya pili inaitwa utaratibu wa kazi.

Jambo la wakwe linastahili mstari. Kati ya mwanaume na mama mkwe wake, kwa Baluba na kwa wengi wetu, kuna mambo yasiyotamkwa kabisa. Hata kupishana njiani kuna namna yake. Sasa mwanaume amelazwa, na anayemlinda mchana ni bukwe wake kwa sababu mke yuko sokoni anatafuta pesa za dawa. Munganga anafika: "Unakojoa vizuri? Unaonaje ukilala na bibi?" Mwanaume anajibu kwamba kila kitu ni kizuri sana. Ingetosha kumwomba mama huyo atoke dakika mbili. Haihitaji pesa za wafadhili.

Mahali ambapo nchi yetu ililipa gharama kubwa ya mambo haya ni Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ebola ilitangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Visa 3,470 viliorodheshwa, na vifo 2,287. Sitaki mtu asome hapa kwamba watu wa Beni na Butembo waliikimbia tiba kwa sababu ya tafsiri mbaya. Walikuwa wanachinjwa tangu 2014 na hakuna aliyekuja na magari mengi hivyo. Mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa kwao, Ebola ikitajwa kama sababu moja, na watu wakaandamana. Daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa kwa risasi Butembo mwezi wa Aprili 2019, na hakuna kamusi ambayo ingemkinga. Lakini juu ya majeraha hayo yaliyokwisha kuwapo, maneno yalikuja kumwaga chumvi, na hapo sisi wanaisimu tuna la kusema.

Kazi yenyewe iliitwa riposte. Ni neno la vita: adui anapiga, nawe unarudisha. Mtu anayeishi kati ya milio ya bunduki akisikia kwamba wageni wameleta riposte mtaani kwake, atauliza ni nani anayepigwa. Mgonjwa ambaye hajapimwa aliitwa cas suspect. Katika Kifaransa cha takwimu hilo ni kundi la kuhesabia tu. Ukiligeuza Kiswahili likawa "anayeshukiwa", umemtoa mtu kitandani na kumpeleka kwa polisi. Isolement ukiifanya "kutengwa", umetumia neno ambalo kwetu ni adhabu: anayetengwa na ukoo ni mchawi au mwizi. Na mazishi yaliyoahidiwa kuwa "ya heshima na salama" yalibeba neno zito mno. Heshima kwa maiti tunaijua: ni nani anaosha, ni nani anavalisha, ni nani anakaa naye usiku. Watu waliopima ahadi hiyo kwa neno lenyewe waliona mfuko wa plastiki na timu inayoharakisha.

Kulikuwa na maneno mengine karibu, ya bure. Tazama namna ya kuwatafuta wale walioitwa contacts. Ukiuliza "nani alimgusa?", umeuliza swali la mashtaka, na kila mtu atarudisha mikono nyuma. Lakini Kiswahili kina kitenzi kizuri: kuugua, na kutokana nacho kuuguza. Anayeuguza ni yule anayekaa na mgonjwa, anayempa maji, anayemgeuza, anayefua nguo zake. Ndiye hasa ambaye virusi vinamfikia kwanza. "Nani alimuuguza?" ni swali ambalo mtu hulijibu kwa fahari. "Mimi, na dada yangu, na mama yetu mkubwa alikuja usiku wa mwisho." Orodha imekamilika na hakuna aliyeshtakiwa. Sisemi kwamba hakuna aliyewahi kuuliza hivyo; wahudumu wa mtaani wenye akili wanauliza hivyo bila kufundishwa. Nasema kwamba hatupaswi kuiachia bahati ya kumpata mhudumu mwenye akili.

Huko Kivu pia wanalo neno karuho, yaani sumu aliyopewa mtu na mtu. Mgonjwa anasema: "Walinipa karuho." Waganga wengi wakilisikia hutabasamu au hukasirika, na mazungumzo yanakufa. Mimi naliona lile "wa-" la mwanzo. Ni akina nani? Hawatajwi, na hawatatajwa siku ya kwanza. Lakini kiambishi kimeshasema kwamba kuna ugomvi, kuna shamba au ndoa au biashara ndani ya maumivu haya, na karibu hakika kuna dawa nyingine iliyonywewa kabla ya kufika hapa, maana karuho ina watu wake wa kuitoa. Munganga anahitaji sana kujua ni mizizi gani imenywewa na lini. Hataijua kwa kuuliza "ulikwenda kwa mfumu?" kwa sauti ile tunayoijua sote. Atajua akiuliza "mulijaribu nini nyumbani?" Wingi ule wa heshima katika "mulijaribu" unamrudisha mgonjwa katika ukoo wake na unaondoa kidole kilichomnyooshea yeye peke yake.

Sauti ile haikuzaliwa jana. Kiswahili kilipokuwa lugha ya kazi katika Katanga, Wazungu walikijifunza zaidi kwa vitabu vidogo vya maagizo. Johannes Fabian aliieleza historia hiyo katika kitabu chake cha 1986. Nancy Rose Hunt naye, mwaka 1999, alifuata maneno ya uzazi na ya dawa huko Yakusu, karibu na Kisangani, akaonyesha jinsi hospitali ya misheni ilivyojenga msamiati wake pamoja na majengo yake. Sasa ingia katika chumba chochote cha uchunguzi leo, usikilize: vua, lala, geuka, vuta pumzi, shuka. Amri tupu, tano mfululizo, kwa mama anayeweza kuwa bibi yako. Nje ya mlango huohuo munganga huyohuyo angemwambia "mukae, mama". Hakuna ubaya moyoni mwake. Amerithi Kiswahili cha chumba kile pamoja na kitanda cha chuma.

Kuna wanaodhani dawa ya haya ni Kiswahili sanifu zaidi. Mimi nakipenda Kiswahili sanifu, nakiandika hapa, na nitakitetea dhidi ya yeyote anayekiita lugha ya kigeni. Lakini bango linalosema "shinikizo la damu" katika mtaa ambapo kila mtu anasema "tansyo" ni bango la ukuta. Hata neno munganga linatuonya: kwa Mtanzania mganga ni wa kienyeji na daktari ni wa hospitali, kwetu munganga ndiye wa hospitali. Anayenakili bango la Dar es Salaam bila kubadili kitu anaweza kuwapeleka watu mlango usiokusudiwa.

Rafiki yangu mmoja wa utabibu, niliyemwonyesha mawazo haya, alinijibu kwa ukali kidogo. Alisema: wewe unahesabu viambishi, mimi nahesabu chupa za damu ambazo hazipo; mgonjwa anafungiwa wodini kwa sababu hakulipa, na wewe unataka niulize kwa wingi wa heshima? Ana haki. Hakuna sarufi inayolipa bili. Lakini mtu aliyepewa dawa ya mgongo kwa ugonjwa usio wa mgongo amelipa bili hiyo bure, na atalipa ya pili. Maskini ndiye anayeumia zaidi na kutoelewana, kwa kuwa hana pesa za kurudi kueleza upya.

Ninachopendekeza kinaingia katika mistari michache. Juu ya fishi, kabla ya Kifaransa chochote, uwepo mstari mmoja wa maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, katika lugha aliyoyasema, ndani ya alama za kunukuu, na jina la lugha kando yake. "Mimba ilitoka." "Mugongo unaniuma." "Roho inanipiga usiku." Chini yake munganga aandike lombalgie yake akitaka. Anayesoma baadaye ataona yote mawili na ataweza kushuku. Mstari huo hauhitaji mashine wala mfadhili, na baada ya mwaka mmoja hospitali moja tu ingetupatia mkusanyo wa Kiswahili cha maumivu ambao hatuna.

La pili linatuhusu sisi. Kitivo cha herufi kiko Lubumbashi tangu 1971, na kituo cha isimu, CELTA, kilianza mwaka huohuo. Kuhesabu ngeli tumehesabu, methali tumekusanya, na nakala za kazi hizo zinajaza rafu za maktaba. Ningependa kuona kazi tano za mwisho wa masomo juu ya namna watu wa Katuba, wa Kenya na wa Ruashi wanavyosema damu, mkojo, uchovu, hofu, na namna wanavyokataa bila kusema hapana. Ningependa mwalimu mmoja wa utabibu na mwalimu mmoja wa kwetu wafundishe saa kumi na tano pamoja, wakiwa na yule muuguzi mzee mbele ya darasa, alipwe kama mhadhiri mgeni. Wakuu wa idara wanasoma jarida hili. Orodha ya mada za mwaka huu bado haijafungwa.